Mshono wa Mkanda Namba Saba

Lori lilikwisha kuanza kujivuta kutoka uwanja wa kampuni, na Mama Mahema bado alikuwa anakimbia ubavuni mwake na kofia ya sufu mkononi. Mumewe aliinama kutoka juu ya mizigo, akainyakua ile kofia, akaivaa juu ya nyingine aliyokwisha kuivaa, na wapagazi wenzake wakaangua kicheko. Mmoja alimshauri avae na soksi kichwani, maana mkewe bado hajaishiwa pumzi. Kobe, ndivyo walivyomwita, naye alicheka, lakini polepole, kama alivyofanya kila kitu. Katika miaka kumi na tisa ya kubeba mizigo mlimani hakuna aliyewahi kumwona ana haraka. Kadhaa kati ya waliokuwa wakimtania kwa hilo wamelala huko juu mpaka leo, na barafu haijawarudisha.

Mlima ulionekana kutoka kila mtaa wa mji ule. Ulikuwa mmojawapo wa ile milima mirefu ambayo watu wenye nafasi zao huiandika kwenye orodha na kuifuta mmoja mmoja. Mgeni wa safari hii, daktari wa meno mstaafu, alikuwa amebakiza miwili tu. Walikwisha kupanda na kushuka mara mbili ili damu izoee hewa haba, na hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya kileleni. Siku ya tano wangefika mahali panapoitwa Ukuta, mita mia tatu za barafu iliyosimama wima. Hapo mtu hatembei tena. Ananing'inia kwenye kamba kama nguo iliyoanikwa.

Kobe alikuwa hajawahi kuupanda Ukuta. Wapagazi huishia chini yake. Safari hii alikuwa anapanda kama msaidizi wa kiongozi, na akimrudisha daktari akiwa mzima angepewa cheti cha uongozaji. Mgongo wake ulikuwa unakisubiri cheti hicho kuliko yeye mwenyewe.

Mama Mahema alirudi nyumbani akihema. Alikuwa na kazi ya kumaliza: mahema mawili ya duka la kukodisha vifaa, yote yamechanika zipu. Aliposogeza cherehani yake ili apate mwanga wa dirisha, akauona mkanda wa kupandia wa mumewe umetundikwa nyuma ya mlango, ule ule wa siku zote, wa bluu uliopauka.

Mwanzo alidhani kausahau. Binti yao, ambaye alikuwa anafunga viatu vya shule, akamwambia hapana.

"Baba kakodi mwingine kwa Bwana Punguzo. Ule wake umepitisha miaka, getini wangemkatalia. Alisema nisikwambie, eti utalalamikia hela."

Mama Mahema akakaa juu ya hema lililochanika. Binti alimwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, aende shule.

*

Kilichomkalisha chini ni hiki. Msimu uliopita mtu mmoja alianguka mlimani kwa kukatikiwa na mkanda chakavu, na tangu hapo kwenye geti la kampuni paliwekwa karani anayesoma lebo. Mkanda uliopitisha miaka mitano haupandi. Mwenye duka, aliyeitwa Bwana Punguzo kwa sababu hakuna siku dukani kwake isiyo ya punguzo, alikuwa na mikanda minne ya miaka tisa na hakuwa na nia ya kuitupa. Akaenda kwa wachapaji wa kadi za harusi, akachapishiwa lebo nne zenye mwaka mpya, nzuri kuliko hata za kiwandani. Kisha akamletea Mama Mahema kila kitu ndani ya mfuko, akamwambia ni kazi ya dakika kumi.

Haikuwa ya dakika kumi. Mkanda wa kupandia una ukanda wa kiuno na kanda mbili za mapaja, na mbele, chini ya kitovu, kuna kitanzi kimoja kinachoviunganisha vyote. Kwenye kitanzi hicho ndipo pete ya chuma hupitishwa, na mtu mzima pamoja na mzigo wake huning'inia hapo. Lebo ya mikanda ile ilikuwa imebanwa ndani ya mshono wa kitanzi. Kuibadilisha ni lazima mshono ufumuliwe. Mama Mahema aliufumua, nyuzi nene za kiwandani zikamwagika mapajani mwake kama ndevu, na alipotaka kushona upya akakuta uzi mnene umekwisha. Alimtumia Bwana Punguzo ujumbe. Bwana Punguzo akamjibu kwamba uzi ni uzi, atumie wa jinzi, si umeshika suruali za watu wenye makalio.

Akacheka, akatumia wa jinzi. Alishona kwenda na kurudi mara sita ili ajiridhishe. Huo ulikuwa mwezi uliopita. Hakumwambia mumewe, kwa kuwa alijua angekunja uso, na kwa kuwa mwenye duka alimwomba iwe siri yao. Mume naye akaficha lake.

*

Dukani, Bwana Punguzo alikuwa anampima mteja viatu. Mama Mahema alisubiri, akijisomea yale mabango ya punguzo kana kwamba amekuja kununua. Mteja alipotoka akauliza kwa sauti ya chini mumewe kapewa mkanda gani.

"Namba saba," alisema Bwana Punguzo bila kuangalia daftari. "Mzuri. Karani kaupitisha bila hata kuvaa miwani."

Alimwambia kwamba namba saba ni mmoja wa ile minne. Bwana Punguzo alijibu kuwa anajua. Alimwambia uzi ule si wa kubeba mtu. Hapo mwenye duka aliacha kupanga viatu, akamwangalia kwa mara ya kwanza, akamkumbusha kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba mkanda huo umebeba watu miaka tisa na hautachoka leo kwa sababu ni mume wa fulani.

"Halafu fikiria hivi, mama. Mimi sijui hata kutunga uzi kwenye sindano. Wakija kuuliza nani kashona, watamwuliza nani?"

Kisha akampa hema la tatu. Alilipokea. Hilo ndilo lililokuja kumsumbua zaidi baadaye, kwamba alilipokea na akasema ahsante.

Njiani alipiga hesabu. Ukuta ni siku ya tano. Kampuni huongea na kambi kwa redio asubuhi saa moja na jioni saa kumi. Alikuwa na siku nne, na mtu mwenye siku nne hana haja ya kujipaka matope siku ya kwanza. Nyumbani alichukua kipande cha mkanda kilichobaki, akakishona kwa uzi ule ule, akakivuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ukikanyaga upande wa pili. Kikashika. Akamwambia binti aning'inie nacho kwenye boriti ya jiko. Binti akaning'inia, akabembea, akauliza kuna nini. Kikashika. Mama Mahema akalala usingizi mzuri siku hiyo.

Siku ya pili alijiambia atasema kesho. Siku ya tatu alijikaza kisabuni, akaoga, akavaa gauni la heshima, akafika mpaka geti la kampuni. Ndani aliwaona Meneja na Bwana Punguzo wamesimama wanacheka pamoja, mkono wa mmoja begani mwa mwingine. Akapita kama aliyekuwa na safari zake sokoni. Binti alikuwa hajazidi kilo thelathini na tano. Kobe na mzigo wake ni tisini. Hesabu hiyo ilimjia njiani na haikumtoka tena. Alipokuwa anaosha vyombo ilikuwepo, alipokanyaga cherehani ilienda na mguu wake.

*

Asubuhi ya siku ya nne binti alirudi mbio akiwa hajafika hata shule. Kampuni ilikuwa na ubao nje ya geti ambapo habari za safari ziliandikwa kwa chaki, na watoto wa wapagazi waliusoma wakipita.

"Mama, wameruka siku. Wameandika hali ya hewa nzuri, wameingia Ukuta leo alfajiri."

Mama Mahema hakuvaa gauni la heshima. Alitoka na kanga aliyokuwa anafanyia kazi, nyuzi zimemshika mpaka nywele, akaenda kwanza dukani. Hakusalimia. Alichomoa mmoja wa mikanda mitatu iliyobaki kwenye misumari, namba nne, akatoka nao. Nyuma yake Bwana Punguzo alimwita, kwanza mama, kisha dada, kisha wewe mwanamke, na alipofika mtaa wa pili alikuwa anamwita mwizi.

Ofisini karani wa mapokezi alimwangalia miguuni, maana alikuwa pekupeku, akamwelekeza kwenye benchi la nje. Juu ya benchi kulikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani: NDOTO HAZIPOKELEWI. Si mzaha. Kila msimu, wake wa wapagazi, na mama zao, na dada zao, walikuwa wanafika pale wameota. Huyu kaota mumewe anaoga maziwa, yule kaota viatu vinatembea peke yake, na wote wanataka redio iwaambie waume zao warudi. Kwa miaka mingi yule wa redio aliwasikiliza, akaandika kwenye daftari, akawaambia ujumbe umefika, na hakupeleka hata mmoja. Mwishowe Meneja akachoka, akabandika ile karatasi.

Meneja alitoka na kikombe mkononi. Alimwona, akaona na macho yake yalivyovimba, akaelekeza kidole kwenye karatasi.

"Mama Mahema. Hata wewe?"

"Sijaota, Meneja. Nimeshona."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi kwenye lebo, akirukia uzi, na kabla hajafika popote Bwana Punguzo aliingia anatokwa jasho. Yeye alieleza vizuri. Alisema mama huyu anashona mahema na mifuko tu, mikanda ya kupandia hajawahi kumpa, angewezaje kumpa, mtu wa cherehani ya kukanyaga. Alisema amekuwa haelewekieleweki tangu mumewe aondoke, na leo kaja kumchomolea mali dukani. Alimhurumia hata, akasema hatampeleka polisi. Wageni wawili waliokuwa wanasubiri kupimwa mizigo walisogea kutazama, mmoja akainua simu akapiga picha.

Meneja alikuwa mtu wa haki kwa kiasi cha kazi yake. Alisema kwamba kumwambia mtu aliye juu ya Ukuta kuwa mkanda wake ni mbovu ni kumwua kwa hofu kama si kweli. Aliuliza ushahidi uko wapi. Mama Mahema akanyoosha namba nne. Meneja akaugeuzageuza, akaona lebo, mwaka mpya, akatikisa kichwa.

Aliyeuchukua mkononi mwake ni mtu wa redio. Walimwita Vidole kwa sababu miguuni hakubakiwa na hata kimoja. Mlima ulivichukua vyote kumi akiwa bado kiongozi. Alitembea kama bata, akatoka na ule mkanda mpaka uwanjani, penye boriti yenye ndoano ambapo mizigo ya wapagazi hupimwa, kilo ishirini kila mfuko. Akaupachika mkanda kwenye ndoano kwa kitanzi chake cha mbele. Kwenye kiuno akafunga mfuko wa kwanza.

Ulishika. Akafunga wa pili. Bwana Punguzo akawauliza wanaona. Mfuko wa tatu ulipofungwa pakasikika mlio mdogo, tik, kama kucha inapokatwa. Vidole aliinua mkono watu wanyamaze. Tik nyingine. Kisha akauweka wa nne, taratibu, akiushikilia kwa chini, na alipouachia mshono ulifunguka wote kwa pamoja, mifuko minne ikaanguka, bati la mzani likalia, na kitanzi kikabaki kwenye ndoano kinabembea na lebo yake mpya.

Yule mgeni alishusha simu.

"Themanini," alisema Vidole. "Kobe ana ngapi?"

"Tisini na mzigo," alisema Mama Mahema.

*

Chumba cha redio kilikuwa kidogo, kina meza, betri ya gari na dirisha linaloutazama mlima. Vidole aliita kambi ya tatu. Aliyejibu ni mpishi, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelala. Alisema wameanza Ukuta saa kumi na moja alfajiri, watu watatu, kiongozi juu, daktari katikati, Kobe wa mwisho. Kiongozi ana redio ndogo, lakini huizima ili betri isife kwa baridi. Anaifungua kila inapotimia saa kamili, dakika tano tu.

Saa ya ukutani ilikuwa tatu na dakika ishirini na mbili.

Mama Mahema alikaa. Meneja alisimama mlangoni. Kwanza alizungumza juu ya bima, kisha akaona hakuna anayemsikiliza, akanyamaza. Vidole alimweleza mama jinsi Ukuta ulivyo, maana aliona ni afadhali kujua kuliko kuwaza. Alisema mtu hupanda hatua sita, akapumzika. Hatua sita, akapumzika. Hewa ya kule haijazi hata theluthi ya kifua. Na kupumzika kwenyewe ni kukaa juu ya mkanda, kuuachia mwili wote. Aliposema hivyo akatambua alichosema, akakohoa, akaanza kufuta meza kwa mkono wa shati.

Dakika zile Mama Mahema alikuwa anahesabu hatua sita sita. Kila akifika sita alikaza matako kwenye kiti kana kwamba kiti ndicho kinaning'inia. Alitaka kuomba akashindwa kupata maneno, akajikuta anaorodhesha kazi za wiki: zipu mbili, hema la tatu, mfuko wa kulalia wenye tobo. Binti alikuwa amemfuata, amesimama nje ya dirisha, na mama hakuweza kumtazama.

Ilipotimia saa nne redio ikakohoa. Kiongozi alikuwa anahema katikati ya kila neno, upepo ukimla. Vidole alimwuliza Kobe yuko wapi.

"Chini yangu. Mita ishirini. Daktari kaomba... tupumzike."

"Kobe kafanyaje?"

"Kakaa. Kakaa kwenye mkanda."

Vidole alitaka kusema mwenyewe. Mama Mahema akakichukua kipaza sauti. Mawimbi yale yalisikika kambi zote, na kampuni nyingine tatu zilikuwa zinasikiliza, na alilijua hilo. Alimwomba kiongozi ainyooshe redio chini, aiongeze sauti mpaka mwisho. Kisha akasema neno kwa neno, kama anayesomea mtu barua:

"Mume wangu, ni mimi. Usijibu. Usitikisike. Weka miguu kwenye barafu, simama juu ya meno ya viatu, uondoe uzito kwenye mkanda. Kitanzi cha mbele nimekishona mimi kwa uzi wa jinzi. Kiuno na mapaja ni vya kiwandani, sijavigusa. Pitisha kamba humo, usiipitishe kwenye kitanzi. Nimekishona mimi."

Upepo ulivuma redioni. Watu walioko chumbani waliangalia sakafu. Baada ya muda ambao hakuna aliyeupima, kiongozi akasema Kobe amesimama. Anavua glavu. Alisema hawezi kufunga fundo na glavu, anafunga kwa vidole vitupu. Glavu moja imeanguka. Kisha redio ikafa.

Ilifunguka tena saa tano. Kiongozi alisema fundo limeshika, wanageuka, wanashuka wote.

*

Daktari wa meno hakufika kileleni na alidai kurudishiwa nusu ya fedha zake. Alirudishiwa robo. Mwaka uliofuata aliupanda mlima huo na kampuni nyingine.

Kobe alishuka kwa miguu yake. Hospitalini walimkata vidole vinne vya mkono wa kushoto, akabakiwa na gumba. Alirudi na ukanda wa kiuno na kanda za mapaja tu. Kitanzi hakikuwepo. Kiongozi aliwaambia watu kwamba Kobe alikikata kwa kisu akiwa angali Ukutani, akakiachia. Meneja alipomwuliza Kobe, alisema kilimponyoka.

Bwana Punguzo aliichoma mikanda miwili iliyobaki, pamoja na ule uliofumuka, kabla mkaguzi hajafika. Bila kitanzi na bila mikanda hakushtakiwa mtu, si yeye wala Mama Mahema. Alifunga duka kwa miezi miwili, akalifungua mtaa wa pili kwa jina la shemeji yake.

Meneja alihamishiwa ofisi nyingine. Vidole bado yuko kwenye redio. Ile karatasi ya ndoto ilibanduliwa.

Kobe hakupata cheti. Analinda geti la kampuni, na karani wa lebo anapokwenda kula yeye ndiye anayesoma. Binti alimaliza shule, akaolewa na fundi umeme.

Mama Mahema hapewi tena kazi na maduka ya mlimani. Anashona sare za shule. Mtaani, walioisikia redio siku ile walimwita Mama Jinzi kwa muda, kisha wakachoka.

Mumewe hakuwahi kumwuliza kwa nini alinyamaza siku tatu. Wanakula pamoja, mke akimkatia nyama, na mpaka leo anasubiri aulizwe.